Mnyusi Juu ya Meza

Mwalimu wa jiografia hapa Handeni ana taabu moja: wanafunzi wake wengi hawajapata kuona gari la moshi. Korogwe si mbali, lakini nauli ni nauli. Kwa hiyo tulikusudia kutengeneza mfano wa njia panda ya Mnyusi, ambapo reli itokayo Ruvu hukutana na reli ya Tanga.

Kipimo hakikutusumbua. Reli hizo zina upana wa mita 1. Basi tulichonga fito za mianzi, tukaziweka sentimita 1 mbalimbali, na mataruma yakawa mabua ya mahindi. Yaani kila kitu kimepunguzwa mara mia. Lakini kwa kipimo hicho njia ya Ruvu, ambayo ni karibu kilomita 190, ingetaka meza ya kilomita 2! Tukaamua majengo na mabehewa yafuate kipimo, masafa yafupishwe: kushoto Korogwe na Mombo, kulia Muheza na Tanga, na njia ya Ruvu ikomee ukingoni.

Niliwaeleza kwamba Wajerumani walianza kujenga kutoka Tanga mwaka 1893; reli ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Moshi 1911. Lakini haikuungana na Reli ya Kati mpaka 1963, ilipofunguliwa njia hiyo ya Ruvu.

Ndipo kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, nasi Handeni tuko wapi?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali lilikuwa na haki. Mji wetu hauna stesheni. Lakini wakati wa Vita Kuu ya kwanza Wajerumani walitandika reli ndogo kutoka Mombo hata Handeni, na vigari vyake vilisukumwa na watu. Juni 1916 majeshi ya Kiingereza yaliifuata njia hiyo, yakautwaa mji. Reli ile haipo tena.

Je, iwekwe? Wengine walisema mfano ni wa vitu vilivyopo, nao hawakusema ovyo. Lakini mimi niliona kuwa jasho lililomwagika njiani lilikuwa kweli kama mvuke. Nikaamuru iwekwe, bali kwa uzi wa mkonge, ili mtazamaji asidhani kwamba ipo leo.

Yule kijana amefinyanga watu wanne nyuma ya kigari, mikono mbele, migongo imepinda. Mmoja amevunjika mguu. Atafinyangwa tena Jumatatu.