Kiti cha Bomba Kilichorudi Sebuleni

Ukishuka kusini kutoka Moshi mjini unafika Pasua, huko tambarare, ambako nyumba zimesogeleana na mlima unaubakiza nyuma yako. Huko ndiko tulikokwenda Jumamosi moja, sisi akina mama wa kanisani, kumtazama bibi aliyepooza upande wa kushoto. Aliteremshwa kutoka kihamba chake Old Moshi ili atunzwe na binti yake.

Tulimkuta kitandani. Binti alikuwa amejikaza kiuno kwa khanga kwa ajili ya mgongo. "Sista, kumwinua ndiko kunaniua," aliniambia. Walikuwa wamejaribu kumkalisha kwenye kochi jipya la sponji nene. Bibi akazama, magoti yakapanda juu, ikabidi watu wawili wamtoe. Tangu siku hiyo wakamwacha alale. Nilipomgeuza nikaona ngozi ya makalio imebadilika rangi, ina joto. Nilishtuka. Kidonda cha mgandamizo huanza hivyo hivyo, na kwa mzee anayelala siku nzima hata kichomi hakiko mbali.

Kando ya banda la kuku kulikuwa na kiti cha mikono cha marehemu babu, fremu yake ya bomba la chuma, ngozi ya bandia imechanika na kuku ametagia humo. Kilikuwa kikingoja wanunuzi wa chuma chakavu.

Mama msomaji, viti vya aina hii vina historia yake. Mwaka 1925 Marcel Breuer, mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha katika shule ya Bauhaus huko Ujerumani, alitazama usukani wa baiskeli yake akawaza kwamba bomba lililopindwa vile laweza kumbeba mtu aliyekaa. Bomba ni jepesi, lina nguvu, na hupanguswa kwa kitambaa tu. Sisi wa wodini tunalijua hilo.

Bwana wa nyumba hakupenda. "Kiti cha ofisini sebuleni, wageni wataonaje?" Nakiri nilikereka, ila nilinyamaza, nyumba si yangu.

Tulikipeleka kwa fundi wa kuchomelea hapo hapo Pasua. Mguu mmoja ulikuwa umeliwa na kutu. Alichukua kipande kipya cha bomba, akakijaza mchanga mkavu, akaziba ncha zote mbili, ndipo akakipinda. Bila mchanga, alisema, bomba hubonyea kwenye kona. Alitaka pia kuifupisha miguu ili kiti kiwe cha kisasa. Nikakataa! Nilikuwa nimepima kwa kamba kutoka kisigino cha bibi hadi nyuma ya goti, na sehemu ya kukalia haikutakiwa kushuka chini ya hapo, la sivyo tumerudi kwenye kochi. Sponji tukachagua ngumu. Nilikitikisa pia nione kama kinanesa, maana viko viti vya bomba vinavyonesa, na hivyo havimfai mgonjwa.

Baada ya wiki mbili nilirudi. Kochi lilikuwa limesukumwa hadi ukutani, na bwana wa nyumba ndiye aliyelisukuma. Bibi alikuwa mlangoni, nyayo zote mbili sakafuni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama. Nigeuzeni kidogo, Kibo kimetoka mawinguni."

Binti akasimama upande wake dhaifu. Mjukuu wa darasa la tano akahesabu: moja, mbili, tatu. Bibi akaegemea mbele, akasukuma mkono wa kiti kwa mkono wake wa kulia, akainuka.