Mtoto wa Mikono Miwili

Wamisionari wa Moravian kutoka Ujerumani walipokuja Rungwe mwaka 1891 walikuja na desturi ya kwao Herrnhut: kila muumini huandika maisha yake kwa mkono wake mwenyewe, ili siku ya maziko yake yasomwe. Ukishakufa, unazungumza mara moja zaidi. Kisha udongo.

Nawaza maandishi hayo. Mtu akijua kwamba maneno yake yatasomwa yeye akiwa hawezi tena kujibu, huandika nini? Na huacha nini?

Namwaza hasa mke wa mmisionari wa siku zile. Waliotangulia walikuwa wanaume watupu, Theodor Meyer na wenzake, na mmoja wao, Georg Martin, homa ilimchukua mwaka uleule wa kwanza. Wake walifuata baadaye. Walishuka melini Chinde, penye mdomo wa Zambezi, wakapanda na mto Shire, wakavuka Ziwa Nyasa, kisha wakabebwa kwa machela kuelekea milimani, kwenye migomba na ukungu, kwenye mvua ya Rungwe inayokaa kama mgeni asiyejua kuaga. Ndani ya masanduku yao mlikuwa na nguo za watoto ambao hawajazaliwa. Walikuwa wakiziba pengo la nani? Au walikuwa wakienda kulichimba lao?

Watoto wakazaliwa. Wengine malaria iliwachukua wakiwa bado kifuani. Kuhusu hao, angalau, palikuwa na mahali pa kwenda kusimama.

Lakini wale waliosalimika, je? Mtoto alipofikia umri wa shule, miaka sita, saba, alirudishwa Ujerumani, Kleinwelka huko Saksonia, kwenye nyumba ya kulelea watoto wa wamisionari. Ndivyo ilivyopangwa. Huku kuna homa, kule kuna shule. Mama akamvisha viatu, akamfunga vifungo vya koti zito lisilo na kazi katika nchi hii, wapagazi wakainua machela. Msiba huu unaitwaje, ambao hauna maiti wala matanga, na anayeondoka anageuka kukupungia mkono?

Tangu siku hiyo mtoto alikua katika barua. Meno yalimng'oka katika barua, sauti ikavunjika katika barua, na kila habari ilipofika ilikuwa imeshachakaa miezi kadhaa.

Na hapa kuna mtu mwingine, ambaye nikimpita nitakuwa nimesema uongo. Yupo yaya, binti wa Kinyakyusa aliyembeba mtoto huyo mgongoni, aliyemwimbia kwa lugha ambayo pengine ndiyo mtoto aliyoianza kuitamka. Machela ilipoteremka mlimani, mtoto alitoka mikononi mwa wanawake wawili. Mmoja alipewa pole na Zaburi. Wa pili nani alimwambia “ndaga”, pole ya kwao?

Nasita kumlilia yule wa kwanza. Aliishi chini ya kivuli cha boma. Tukuyu ilipoitwa Neu Langenburg, kwa heshima ya mwana wa kifalme aliyeongoza jumuiya ya kikoloni ya Wajerumani, kulikuwa na askari, kodi ya nyumba na bendera. Baba wa yaya huenda alikuwa mbali, akitafuta fedha za kodi hiyohiyo. Je, moyo una daftari, kwamba huzuni ya aliyekuja na watawala ikatwe kidogo? Nimejaribu kuikata. Haikatiki, lakini pia hainiachi nikae nayo kwa amani.

Upande wa Usafwa, Utengule, Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmisionari, alikaa na watu akaandika maisha yao. Shukrani kwake, leo tunamjua mwanamke aitwaye Narwimba. Tunamjua Chisi, aliyetekwa akiwa mtoto na kupita mikono mingi kabla ya kupata mahali pa kutulia. Elise alisikiliza habari za watoto walionyakuliwa, yeye mwanamke wa jamii ambayo watoto wake walisafirishwa. Si msiba mmoja. Chisi hakuvalishwa koti, wala hakungojewa na shule. Lakini kalamu ilipokuwa ikiandika machozi ya mwingine, je, haikutetemeka hata mara moja?

Kisha vita. Mei 1916 majeshi ya Waingereza kutoka Nyasaland yaliingia Neu Langenburg, na wamisionari wakaondolewa kama raia wa taifa adui. Safari hii mama naye akawa mzigo wa kusafirishwa. Makaburi ya watoto wake wadogo yakabaki na Wakristo wa Kinyakyusa, ambao walibaki pia na kanisa, mpaka baadhi ya wageni hao waliporudi katikati ya miaka ya 1920.

Nami narudi kwenye hesabu moja tu, isiyohitaji kalamu. Mvulana aliyezaliwa Rungwe mwaka 1895, akaokolewa kutoka homa ya Rungwe kwa kupelekwa mahali salama, mwaka 1914 alikuwa na miaka kumi na tisa, yuko Ujerumani. Alivaa koti gani mwaka huo? Na kama hakurudi kutoka mahandaki, na habari zikamfikia mama yake huko alikofungiwa, je, kuna aliyekumbuka kupanda kilima hadi kwa yaya, kumwambia?