Pikleti za Mama

Katika nchi ya Nyuzilandi, mbali sana upande wa kusini wa dunia, kuna mlima uitwao Taranaki. Urefu wake ni mita 2518. Ni mlima wa moto kama Nyiragongo, lakini umelala tangu zamani, na wakati wa baridi kichwa chake huwa cheupe kwa theluji. Chini yake ni majani mabichi pande zote, kwa maana mvua ya huko haina choyo. Watu hufuga ng'ombe wa maziwa.

Hapo, miaka mingi iliyopita, aliishi mfugaji mmoja pamoja na mke wake na watoto wawili: msichana wa miaka 10 na mdogo wake wa kiume wa miaka 4. Mwezi wa Julai, ambao huko ni mwezi wa baridi, mama akashikwa na ugonjwa wa mapafu, akapelekwa hospitali ya mjini. Watoto hawakuruhusiwa kuingia kumwona. Baba peke yake alikwenda, mara mbili kwa juma.

Juma la kwanza yule mdogo alilia kila jioni, akiuliza, “Mama atakuja lini?” Juma la pili hakulia tena, wala hakuuliza. Alikaa chini ya meza akicheza na kijiko, na chakula alikisukuma pembeni. Dada yake aliona kimya hicho ni kibaya kuliko kilio, na hakukosea.

Jumamosi akamwuliza, “Unataka kula nini?”

Mtoto akajibu neno moja tu: “Pikleti.”

Pikleti ni mikate midogo ya mviringo, minene kama kidole, mipana kama kiganja cha mtoto. Haitumbukizwi katika mafuta mengi kama mikate inayouzwa asubuhi sokoni kwenu. Huchomwa juu ya kikaango kilichopakwa siagi kidogo tu. Jina lake lilitoka kwa watu wa Wales, walioita mkate wao *bara pyglyd*. Waingereza wakalifupisha, na wahamiaji wakalichukua ndani ya merikebu hadi Nyuzilandi na Australia.

Mama yao alizipika kila Jumamosi bila kutazama kitabu. Msichana alikuwa amesimama karibu naye mara nyingi. Kumbe kutazama si kupika.

Akachukua kikombe kimoja cha unga wa ngano, yai moja, vijiko viwili vikubwa vya sukari, na chumvi kidogo sana. Akatafuta kopo la unga wa kuumulia mikate, akalikuta dirishani. Akatia vijiko vidogo viwili. Akamwaga maziwa, robo tatu ya kikombe. Kisha akakoroga kwa nguvu zake zote, maana alifikiri jasho jingi huleta chakula kizuri. Hakuacha mpaka mkono ukauma.

Pikleti zilizotoka zilikuwa bapa na ngumu kama ngozi ya kiatu. Mtoto akauma moja, akairudisha sahanini. “Si za mama,” akasema, akarudi chini ya meza. Baba aliporudi kutoka zizini alikula tatu, akitafuna polepole, asiseme neno. Msichana alijua kwamba baba anamhurumia, na huruma hiyo ilimwuma kuliko kama angegombezwa.

Siku ya pili yake alilichukua lile kopo, akaenda kwa jirani, mwanamke mzee aliyekaa ng'ambo ya barabara.

“Mama, mkono wangu una kosa gani?”

Mzee akacheka. “Nionyeshe kopo kwanza, binti yangu. Mkono tutautazama baadaye.”

Akamimina maji ya moto katika kikombe, akatia kijiko kimoja cha ule unga. Ulizama kimya. Akaleta kopo lake mwenyewe, akafanya vilevile katika kikombe cha pili. Maji yakatoka povu, yakalia kama nyuki ndani ya mzinga.

“Umesikia?” mzee akasema. “Wako umekufa.”

Unga hufaje? Ndani yake mna vitu viwili vikubwa: unga wa magadi na unga mchachu. Vikiwa vikavu hukaa pamoja kwa amani. Vikipata maji hugombana, na katika ugomvi huo huzaliwa hewa, ile ile itokayo kinywani mtu anapopumua nje. Hewa hiyo hutafuta njia ya kutoka, lakini imezungukwa na unga mzito, basi huuinua. Moto ukija, yai na unga huganda kuzunguka vitundu vyake, na mkate hubaki mwepesi. Lakini kopo likikaa wazi penye unyevu, ugomvi wote humalizika humo humo koponi, miezi mingi kabla ya siku ya kupika.

Alfred Bird, muuza dawa wa mji wa Birmingham huko Uingereza, alitengeneza unga wa namna hiyo mwaka wa 1843. Mke wake hakuweza kula chachu wala mayai. Mwili wake uliyakataa, na Bird alitaka naye apate mkate. Watu huwasifu sana waliovumbua mizinga ya vita. Huyu alivumbua kitu kwa ajili ya chakula cha mke wake, na kila siku mamilioni ya watu hukila bila kumjua. Huko Nyuzilandi, Thomas Edmonds alianza kuuza unga wake katika mji wa Christchurch mwaka wa 1879. Kitabu chake cha mapishi kilitolewa mara ya kwanza mwaka wa 1908, na hata leo kimo katika nyumba nyingi za nchi ile.

“Sasa mkono,” mzee akasema. “Ulikoroga mpaka lini?”

“Mpaka nikachoka.”

“Ndilo kosa la pili.”

Unga wa ngano si kama unga wa mahindi au wa muhogo. Ukilowa na kukorogwa sana, huvutika kama mpira, na mkate wake huwa mgumu. Mzee akamfundisha: koroga mpaka unga mkavu usionekane tena, kisha acha, madonge madogo yakibaki, yaache yabaki. Mchanganyiko uwe mzito, uanguke polepole kutoka kijikoni. Kikaango kipate moto wa kiasi. Pikleti ya kwanza ni ya mbwa, kwa kuwa kikaango bado hakijazoea kazi. Na usihesabu dakika, bali utazame matundu: yakitokea juu na kupasuka bila kuzibika, ndipo ugeuze. Ugeuze mara moja tu, wala usikandamize, maana ukikandamiza unaifukuza ile hewa uliyoitafuta.

Akamfungia unga wake kidogo katika karatasi.

Jioni ile ile msichana akawasha jiko. Ya kwanza ikaungua upande mmoja, na mbwa akaipokea bila kulalamika. Ya pili ikainuka. Msichana akaitazama ikivimba pembeni, akasahau hata kupumua. Harufu ya siagi ikafika chini ya meza. Mtoto akatoka, akasimama karibu na dada yake, akaanza kuhesabu matundu. Alijua kuhesabu mpaka saba tu, kwa hiyo alianza upya mara nyingi.

Akala tano, na siagi, na jamu. Ya sita akaishika mkononi, asiile.

“Hii ya mama,” akasema. “Mama atakuja lini?”

Msichana akageukia jiko upesi, kama mtu mwenye kazi kubwa. Baba ndiye aliyejibu. “Daktari amesema baada ya siku kumi.”

“Kumi ni baada ya saba?”

“Ni baada ya saba.”

Siku iliyofuata baba alipeleka hospitali pikleti sita, zimefungwa katika kitambaa safi. Usiku akarudi na kitambaa kimekunjwa vizuri, kitupu.

“Alikula nne,” akasema. “Mbili akampa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Nikamweleza habari ya lile kopo, akacheka mpaka akakohoa. Anasema lile la dirishani alitaka kulitupa tangu Krismasi. Jipya liko kabatini, nyuma ya chai.”

Mtoto akafika kabatini kabla yao wote, akapanda juu ya kiti. Lilikuwako.