Barua Kutoka Stuttgart: "Fundi Ndiye Anajua"

Ndugu zangu wa nyumbani,

Mimi ni mzima, ila nina hasira, na barua hii naiandika kabla haijapoa, kwa hiyo mnivumilie.

Jumapili usiku alinipigia mdogo wangu wa Tabata. "Shikamoo dada." Ilivyovutwa shikamoo ile nikajua kuna hela inatafutwa. Gari limelala. Ni ile BMW ya mwaka 2003 aliyoiagiza kutoka Japani, ambayo picha zake alizirusha kwenye grupu la familia kabla hata meli haijatia nanga. Inachemsha. Fundi kabadilisha wota pampu, bado inachemsha. Kabadilisha feni, bado. Rejeta imeshushwa, imeoshwa, imerudishwa, bado. Themostati imeng'olewa na kutupwa, kwa maelezo kwamba Dar hakuna baridi, kile ni kidude cha Wazungu. Sasa fundi anasema ni gasketi ya hedi, pengine injini nzima, na dada aliyeko Ujerumani, mlangoni kabisa mwa kiwanda, hawezi kukosa euro 400.

Nikamwuliza: maji yanapungua? "Fundi ndiye anajua." Yanapungua gari likitembea au likiwa limeegeshwa? "Dada, si nimekwambia fundi ndiye anajua." Wewe mwenyewe umewahi kufungua boneti? Kimya. Halafu akacheka kidogo, kama vile nimemwuliza kama amewahi kujifungua.

Kicheko kile ndicho kilichonichoma. Bima analipa yeye, mafuta ananunua yeye, viti vya ngozi anavipangusa yeye kila Jumamosi. Lakini ndani ya gari lake mwenyewe mdogo wangu ni abiria.

Niwaeleze hali ya huku. Mimi ni muuguzi, mshahara wangu si wa kutamba, na gari langu ni Mercedes 200 E ya mwaka 1991, umbo lile la W124 ambalo mkiliona mnasema "Benzi ya waziri". Lilizaliwa Sindelfingen, mwendo mfupi tu kutoka ninapoishi. Msidhani nalimiliki kwa sababu nimekuwa Mbenzi kama wale Wabenzi wa utotoni mwetu. Huku gari la namna hii ni la wastaafu, wanafunzi na watu wabishi. Sababu ya mimi kulala chini ya gari langu si ustaarabu wa Kijerumani. Ni bei ya mikono. Gereji ya kawaida inaweza kukutoza zaidi ya euro 100 kwa saa moja ya fundi, spea bado hujahesabu. Kwa bei hiyo hata profesa hununua spana. Ninyi fundi mnaye nyuma ya nyumba, mnamwita kwa mluzi, na urahisi huo ndio umewalemaza.

Aliyenifundisha ni mzee wa ghorofa ya pili, fundi chuma mstaafu, mtu wa maneno machache hata kwa salamu. Mwaka wangu wa pili na gari hili, taa ya ABS iliwaka ikakataa kuzima, na injini ikaanza kupanda na kushuka yenyewe mlio wake kwenye foleni, kama mtu anayehema usingizini. Nikaona nimekwisha: breki pamoja na injini kwa mpigo mmoja! Nilimkuta mzee anatoa takataka, nikamweleza. Hakugusa kitu. Aliniuliza maswali matatu. Inafanya hivyo ikiwa baridi au ya moto? Imeanza lini? Kitu gani kilibadilishwa mara ya mwisho?

Nilitaka kucheka, maana hayo ndiyo maswali yangu ya wodini. Mgonjwa akiingia na homa hatumpi dawa nne tuone ipi itamkubali. Tunamwuliza, tunampima, tunaandika, ndipo daktari anashika kalamu.

Mzee akanionyesha, nyuma ya betri, kikasha kidogo cha alumini chenye fyuzi kichwani. Ni relei ya kuzuia umeme uliozidi. Umeme unaokwenda kwenye kompyuta ya ABS na kwenye ile ya mafuta hupita humo, ndiyo maana magonjwa mawili yasiyofanana yalikuja siku moja. Baada ya miaka mingi ya joto na mtikisiko, lehemu za ndani hupata nyufa nyembamba kama unywele. Tulikifungua mezani kwake, akanipa miwani ya kukuzia, nikaziona nyufa kwa macho yangu. Nikalehemu upya mwenyewe, mkono unatetemeka. Taa ikazima. Baadaye nilinunua relei mpya, kwa sababu kazi ya muuguzi mwenye mkono unaotetemeka si ya kutegemewa barabara kuu. Lakini nilinunua kitu kimoja, nikijua kwa nini.

Na wanaume wa nyumbani mnaonicheka, ngoja niwape hadithi ya mkoa huu huu. Agosti 1888 Bertha Benz alichukua gari la mumewe Carl, mume hana habari, akawapakia wanawe wawili, Eugen na Richard, akatoka Mannheim kwenda kwao Pforzheim kumwona mama yake. Ni zaidi ya kilomita 100, na hakuna aliyewahi kwenda mbali kiasi hicho kwa gari la injini. Bomba la mafuta liliziba, akalizibua kwa pini ya kofia yake. Waya wa moto ulichunika, akauzungushia mkanda wa soksi. Mafuta yalipokwisha alinunua petroli ya kusafishia madoa kwenye duka la dawa pale Wiesloch. Mbao za breki zilipolika alimwendea fundi viatu, akampigilia ngozi. Gari la Kijerumani, katika safari yake ya kwanza ya maana, lilitengenezwa njiani na mama mwenye gauni refu. Hakuna mahali aliposema fundi ndiye anajua.

Sasa msije mkafikiri huku ni peponi. Huruhusiwi kujitengenezea gari popote unapotaka. Ukimwaga oili ya injini barabarani utajuta, na Jumapili ukigonga nyundo jirani hatakuja kukukataza, ataita polisi. Kwa hiyo tunakodi gereji za kujihudumia: unalipa kwa saa, unapewa lifti na spana, kazi unafanya mwenyewe. Oili chafu unairudisha dukani ulikonunua, ukiwa na risiti, na sheria inawalazimu waipokee, kiasi kile kile walichokuuzia. Nikikumbuka ardhi nyeusi ya gereji zetu, na watoto wanaocheza pembeni yake, naona aibu. Hapo hatuna cha kusingizia.

Kila miaka miwili gari linakwenda kwenye ukaguzi, ule ambao kila mtu huku anauita TÜV. Mkaguzi anapita chini na taa na kinyundo, anagonga pale jeki inapokaa, kwa sababu chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa barafu inakula chuma kama mchwa. Gari langu limevuka miaka 30 na bado lina sura yake ya asili, kwa hiyo namba yake inaishia na herufi H, maana yake limehesabiwa kuwa urithi, nalo hulipiwa kodi moja ya mwaka, euro 191 na senti kadhaa. Kwenye ukaguzi uliopita nilianguka kwa paipu moja ya breki iliyoota kutu. Nililia kidogo, nikaenda kuibadilisha.

Turudi Tabata. Nisiwaonee mafundi wetu. Nimeona huku mafundi wenye vyeti ukutani ambao bila kompyuta hawasogei, na nimeona Gerezani, pale Dar, kijana asiye na cheti anayesikiliza injini kwa bisibisi aliyoiweka sikioni, akakwambia ni silinda ya tatu, na kweli ni ya tatu. Kipaji tunacho. Tatizo ni kwamba mwenye gari anamletea fundi huyo neno moja tu, "inachemsha", halafu anavuta kiti na kuagiza soda. Fundi afanye nini? Anakisia. Kila anachokisia kina bei, mwenye gari analipa, na kwa sababu ni abiria hana namna ya kusema hapana kwenye spea ya nne.

Haya, mdogo wangu, chukua kalamu, na wengine wenye Benzi, Audi, Golf na BMW za umri huo mnukuu pembeni.

Usiuamini mshale wa joto wa BMW hiyo. Umepangwa ubaki katikati hata joto likipanda na kushuka kwa nyuzi nyingi, dereva asibabaike. Ukiuona umeondoka katikati, ujue mambo yameharibika kitambo. Nunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya stelingi kinachoongea na simu yako, usome joto lenyewe kwa tarakimu. Kitakusomea pia ile taa ya cheki injini, lakini kumbuka kinataja malalamiko, hakitaji spea ya kununua.

Themostati irudishwe, mpya. Injini hiyo ilitengenezwa ifanye kazi ikiwa na joto lake, iwe Dar au Stuttgart. Ikibaki ya baridi inakunywa mafuta na kujisaga. Tena themostati ya aina hiyo ina kazi mbili: ikifungua njia ya rejeta inaziba njia ya mkato. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji inazunguka injini bila kupita kwenye rejeta. Kifaa ulichokitupa ili gari lisichemshe kinaweza kuwa sababu ya kuchemsha.

Acha maji ya kisima yenye chumvi, tia kulenti. Kulenti si dawa ya barafu peke yake. Inazuia alumini isiliwe kwa ndani na inachelewesha kuchemka. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale ya betri.

Kabla ya kununua chochote, tafuta uvujaji. Kuna pampu ya mkono inayofungwa mahali pa mfuniko, injini ikiwa ya baridi. Unajaza presha, unasubiri. Presha ikishuka, maji yana pa kutokea. Angalia kwanza lile tanki la plastiki pembeni mwa rejeta, hasa kwenye mshono wake: plastiki hiyo huzeeka kwa joto, hupasuka ufa unaofunguka gari likiwa la moto tu na kujifunga likipoa, ndiyo maana hamwoni tone chini asubuhi. Kama kweli ni gasketi ya hedi, iko dawa ya buluu ya kupimia hewa ya kwenye tanki. Moshi wa injini ukiwemo inageuka njano. Isipogeuka, hakuna atakayefungua hedi kwa hela yangu.

Ukijaza maji, toa hewa. Swichi imewashwa lakini injini imezimwa, hita imewekwa mwisho wa joto, skrubu ndogo karibu na mfuniko imelegezwa, unajaza taratibu mpaka mapovu yaishe. Hewa ikibaki ndani gari litachemsha hata kama kila kitu ni kipya, na nina wasiwasi kwamba baada ya kufungua mara zote hizo hakuna aliyekumbuka kuitoa. Na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma. Huku tunapokea wagonjwa wa kosa hilo pia, na wengine hatuwapokei.

Mwisho, daftari. Tarehe, kilomita, kilichofanyika, kwa nini. Najua utasema dada amekuwa Mjerumani. Sikuipata Ujerumani tabia hiyo. Umesahau baba alikuwa dereva wa serikali? Kila alfajiri, kabla ya chai, alifungua boneti ya ile Landrova, akapima maji na oili, akagusa mkanda wa feni kwa kidole gumba, akaandika kwenye daftari lenye jalada gumu. Lile halikuwa gari lake, lakini alilijua kuliko wewe unavyoijua BMW yako. Tulipomtania alijibu kila siku kwa maneno yale yale, mali bila daftari hupotea bila habari, akaifunga boneti taratibu, hakuwahi kuibamiza.

Nilimwambia hayo yote kwa simu, akanisikiliza kwa adabu ya mtu anayesubiri hela. Hela sikutuma. Nilimwambia azime simu, achukue tochi, aende mwenyewe.

Jana jioni, nikiwa zamu, picha ikaingia. Giza, kidole cha mdogo wangu chenye grisi, pengine kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, na chini ya kidole mstari mweupe wa chumvi iliyokauka kwenye mshono wa tanki. Chini ya picha aliandika: "Dada, nikinunua tanki, ninunue na mfuniko wake?"

Nunua na mfuniko. Presha yote inashikwa na huo. Hela nakutumia Ijumaa, ya tanki, themostati na kulenti tu. Risiti nipigie picha.

Wenu,
Dada wa Stuttgart