Staa kwenye usukani, simu mkononi: na wewe unayemtumia meseji je?

Leo siji na ubuyu wa nani kaachana na nani. Nataka tuongee kuhusu hawa mastaa wetu wanaoingia laivu huku wanaendesha gari. Majina kapuni, mnawajua. Mkono mmoja usukani, mwingine simu, anasoma meseji za mashabiki, anacheka, anajibu. Na sisi huku tunammwagia makopakopa.

Siku akigonga mtu tutamlaumu yeye peke yake. Mi naona kwenye hiyo gari kuna mtu wa pili asiyeonekana: aliyemtumia meseji.

Hebu tupige hesabu. Gari ikiwa kwenye kilomita 80 kwa saa inakata mita 22 kila sekunde. Dereva akiinamia simu sekunde 5 tu, asome "umefika wapi mpenzi", ajibu "nakuja", keshakata mita 110. Hiyo ni zaidi ya goli hadi goli pale Uwanja wa Jamhuri, na yeye hajaangalia mbele. Hata kwa kilomita 50, mwendo wa mjini, ni karibu mita 70. Sasa fikiria Majengo yetu hii jioni: ndani ya mita 70 kuna mama anavuka na ndoo ya nyanya, bajaji inageuza ghafla, mkokoteni na watoto wametoka shule. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yuko kwenye hatari ya kupata ajali karibu mara 4 zaidi ya asiyetumia.

Mi sina gari, ni abiria wa bodaboda kama wengi wenu. Kuna siku natoka sokoni Majengo kwenda Nkuhungu, simu ya dereva ikaita mlio wa meseji mara tatu mfululizo. Akaitoa mfukoni, pikipiki inaenda kwa mkono mmoja. Nikamwambia, "Kaka, paki kwanza ujibu, mi sina haraka." Akasimama pembeni, akaniambia, "Sista, ni mama watoto huyu. Nisipojibu leo silali ndani."

Hayo maneno hayajanitoka kichwani mpaka leo. Yule kaka barabara anaijua vizuri tu, ila anaogopa zile tiki mbili za bluu. Na mkewe anajua kabisa kwamba saa hizo mumewe yuko juu ya pikipiki na kabeba mtoto wa mwenzie.

Kule Marekani, jimbo la New Jersey, jambo hili lilifika mahakamani. Mwaka 2009 kijana mmoja alikuwa anachati na binti huku anaendesha, gari ikahama upande wake, ikawagonga mume na mke waliokuwa kwenye pikipiki. Wote wawili walipoteza mguu wa kushoto. Wakamshtaki mpaka yule binti. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ikasema binti hawajibiki, maana haikuthibitika kwamba alijua jamaa anaendesha na angesoma hapo hapo. Lakini ikaongeza kwamba mtu akituma meseji huku anajua hayo yote, anaweza kuwajibishwa. Umeelewa hapo?

Huku kwetu Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, mwaka ule ule simu ya mkononi ilipopigwa kwa mara ya kwanza, New York. Meseji ya kwanza ilikuja kutumwa 1992. Kwa hiyo usikae unamsubiri trafiki akulindie mtu wako. Trafiki hawezi kuona chati zenu.

Kitu chenyewe ni rahisi. Ukijua mtu yuko barabarani, nyamaza. Ukishindwa kabisa, andika "nijibu ukishapaki", halafu weka simu chini, usihesabu tiki. Bosi, na wewe subiri, mzigo utafika. Ukiwa abiria, sema kwa heshima, madereva wengi wanasikia.

Na staa akiingia laivu kwenye usukani, usimpe kopa hata moja. Toka. Laivu bila watu haina raha, atapaki mwenyewe.

Haya, mtag yule mnayemjua anayependa kuuliza "uko wapi?" kila dakika mbili. Tusije tukaulizana hivyo wodini.