Bei ya injini ya mzee

Kimya changu ni likizo tu. Nilikuwa nyumbani Mpanda, na huko nimepewa mtihani ambao haumo kwenye kozi yoyote ya ualimu: kupanga bei ya injini kuukuu ya Bedford.

Ni dizeli, silinda 6, lita 5.4. Enzi hizo lori la mzee lilikuwa likipita Sitalike kwenda Sumbawanga, sisi tukiwa bado mkoa wa Rukwa (Katavi imezaliwa 2012). Bodi limeshaoza, imebaki injini. Mdogo wangu anaanza chuo na mkopo haujatosha, ikabidi iuzwe.

Mnunuzi wa chuma chakavu akapiga hesabu ya kilo: laki 4. Baba mdogo akaruka: "Milioni 4! Hii ni antiki!" Mzee akanigeukia. "Wewe msomi, sema."

Nikaona laki 4 ndo ya chini kabisa, hata ikiwa imekufa. Ya antiki inataka mtu anayekusanya antiki, na kwetu hayupo. Mafundi wakasema ikishafanyiwa ovahoo inafika milioni 3. Tukaiwasha ikiwa ya baridi. Ikawaka, ila ukifungua mfuniko wa oili inapumua moshi: ringi zimechoka. Oili haikuwa na maji, afadhali. Pampu ya dizeli nzima, na hiyo ndo mali yenyewe, maana kiwanda cha Dunstable kule Uingereza kiliuzwa 1987, spea ni za kutafuta. Haya: spea laki 9, fundi laki 3, usafiri laki 1. Inabaki 1,700,000.

Kimbembe kikaja kwenye kranki. Imeshachongwa mara 2, haina maisha marefu. Mteja, mzee wa Majimoto mwenye Bedford inayobeba mchanga, hakuuliza. Baba mdogo akanikonyeza tunyamaze. Mzee akasema, "Akiifungua ataona. Na huyu tutakutana naye msibani." Tukamwambia. Akapunguza laki 2, akalipa 1,500,000 palepale.

Baba mdogo alininunia siku mbili. Lakini ada imelipwa, na yule mzee kapiga simu juzi kumsalimia mzee wangu. Kwangu hiyo ndo bei ya haki.

Nyie ambao kwenu kuna malori ya zamani, mliuzaje? Nipeni stori. Nawahi kipindi, baadaye!