Safari ya Shirimatunda, na Khabari ya Mkorogo wa Bibi Harusi



Mwezi wa Mfungo Tatu, baada ya Idi ya kuchinja, naliondoka Tanga alfajiri kwenda Moshi kwa ndugu yangu, ambaye alikuwa akimwoza binti yake. Basi letu lilipita Muheza na Segera, likaishika njia ya Korogwe na Mombo, na milima ya Usambara, kisha ya Upare, ikatuandama upande wa kulia kupita Same na Mwanga. Alasiri tukauona mlima mkubwa, kilele cha Kibo kimefungwa kilemba cha mawingu.

Shirimatunda ni kata ya Manispaa ya Moshi, upande wa magharibi wa mji. Sisi watu wa pwani tukilisikia jina hilo hudhani twaalikwa bustanini, na kwa kweli hatukosei sana, maana nyumba zimesimama baina ya migomba na miparachichi, na jioni hushuka baridi ya mlimani ambayo mwenye kanzu moja huijutia. Nami nalikuwa na kanzu moja.

Bibi harusi hakutoka kunipokea. Hata baada ya sala ya Isha ndipo alipokuja, ushungi umefunika uso mpaka chini ya macho.

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona wajificha?”

Hakujibu. Mamaye ndiye aliyeuvuta ule ushungi. Mashavu yalikuwa mekundu kama yaliyomwagiwa maji ya moto, yametoka malengelenge, na pembezoni mwa kinywa pana mabaka meusi.

Kisha nikaonyeshwa bakuli. Wenyewe huita mkorogo, na kila nyumba ina wake. Huyu alikamua malimau, akatwanga vidonge vya vitamini C vile vya kutafuna watoto, akatia glisirini na maji ya bomba, na juu ya hayo akachanganya dawa ya ngozi aliyouziwa dukani bila ya cheti cha tabibu. Alijipaka wiki 3, usiku na mchana, akitoka juani nayo. Sababu yake? Jamaa mmoja wa bwana harusi alisema, kwa mzaha, kuwa bibi harusi sharti ang'ae.

Kwetu pwani bibi harusi husingwa kwa singo na kupakwa liwa, apate kunukia na kulainika ngozi. Mtu akioga, rangi yake ni ile ile. Naliyasema hayo kwa sauti, nikidhani nimesema jambo la maana. Yule binti akainua macho akaniambia, “Ami, na wewe si humwita dada yangu mzungu wako?”

Basi nikanyamaza. Ni kweli. Mdogo wake ni maji ya kunde, nami tangu akiwa mtoto wa kutambaa nalimwita hivyo mbele ya huyu mweusi. Na mimi ndimi ninayesomesha Surat Rum, ambayo katika aya ya 22 tofauti za rangi zetu zatajwa kuwa ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Nalisomesha miaka 30.

Asubuhi tukampeleka KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, kwenye kituo cha mafunzo ya maradhi ya ngozi kilichoanzishwa hapo mwaka 1992, ambacho wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Elimu yangu ni Kur'ani na darasa la saba, lakini tabibu alitueleza kwa lugha ambayo hata mimi naliifahamu.

Alisema vitamini C ina kazi yake katika ngozi. Hupunguza kidogo utengenezaji wa melanini, yaani ile rangi yetu. Lakini gramu 100 za maji ya limau zina vitamini hiyo kiasi cha miligramu 50 tu, na mafuta yanayofaa huwa na gramu 10 mpaka 20 katika kila gramu 100, yaani mara 200 na zaidi. Tena huharibika upesi kwa maji, hewa na mwanga; ikigeuka rangi kama chai, haina faida. Vile vidonge vilimpa sukari na rangi za peremende. Ama limau, lina kitu ambacho kikikutana na jua huiunguza ngozi, kisha huacha weusi. Kwa hiyo aliyetaka weupe hupata kinyume chake. Na maji ya bomba yaliyochanganywa bila ya dawa ya kuzuia kuoza huzaa vijidudu katika siku chache.

Kubwa zaidi ilikuwa ile dawa ya dukani. Ilikuwa ni steroidi kali, ambayo matabibu huiandika kwa maradhi maalumu na kwa siku chache. Ikiendelezwa usoni, ngozi huwa nyembamba kama karatasi. Wengine hutia haidrokwinoni, ambayo kwa muda mrefu huweza kuleta weusi wa buluu usiotoka. Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio mwaka 2019 kutaka vipodozi vyake vipigwe marufuku. Wengine hutia zebaki, nayo hudhuru figo, na kwa taulo na mikono huwafikia hata watoto wa nyumba.

Tulipokuwa tukingoja dawa, mama mmoja aliketi karibu yetu na mtoto mwenye ualbino, akimpaka mafuta masikioni, shingoni, hata nyuma ya vidole. Hayo ni mafuta ya kukinga jua. Katika miaka ya 2010, kwa juhudi ya mfamasia wa Kispania, Mafalda Soto, yalianza kutengenezwa papo hapo kituoni kwa jina la Kilisun, kwa vipimo na majaribio, yagawiwe bure kwa watu wasio na ile melanini, ambao jua huwaletea saratani. Binti yetu alimtazama mtoto yule muda mrefu. Hakusema neno, nami sikumwuliza.

Ndoa ilifungwa siku yake. Bibi harusi alipakwa hina mikononi na miguuni, uso hakuguswa na mtu, na mabaka yalionekana. Bwana harusi alikuwa amekwisha kuambiwa yote, akasema aliposa mtu wala hakuposa mashavu.

Siku ya kurudi, yule mdogo wake alinichukulia mkoba mpaka kituo cha basi. Njia nzima nalimwita kwa jina lake.